Klova Ikigeuka Kahawia

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni vibendera. Vilikuwa vimekatwakatwa, plastiki ya rangi ya chungwa imetapakaa chini kama maganda sokoni. Nikajiuliza ni nani aliyechezea vibendera vyetu. Ndipo nikainua macho nikaona kwamba nyuma ya vibendera hakuna kitu.

Kipande chetu cha klova, pale nyuma ya nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea ya chuo, kati ya uzio na maegesho ya magari, kilikuwa kimenyolewa. Sisemi kimekatwa. Kimenyolewa, kisha kikaparuliwa kwa mashine, mimea na udongo wake vikasukumwa pembeni vikawa lundo moja. Nilipiga magoti kwenye lundo nikaanza kuokota vichwa vya maua kimoja kimoja. Vilikuwa vimesagika. Mbegu ya klova ni ndogo kuliko chembe ya sukari, ikishaingia kwenye tope huioni tena. Na hata ningeiona ingenisaidia nini? Tuta la klova za mashambani, tulizoziita wanakijiji, na tuta la klova za mjini yalikuwa yamechanganywa pamoja, hujui tena nani mtoto wa nani. Zilibaki siku chache tu tuvune.

Waliofanya hivyo nitawataja, na kwa majina. Lakini nikianza na hao mtadhani kazi yangu yote ilikuwa hasira. Haikuwa. Ilikuwa kazi nzuri na niliipenda, na nyinyi wawili, Furaha na Wanjiru, mliobaki kwenye nyumba ya vioo, mmeniomba niandike ilivyokuwa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishiwa kazi hiyo. Kiingereza changu ni cha kuagizwa na kuitikia. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa, na habari za kupandishwa cheo msizitafute humu, hazipo.

Nilifika Toronto na watoto wangu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kutoka Uvira, kwa njia ya kambi. Ya kule sitayasimulia. Niseme tu kwamba nilikuwa na shamba la muhogo, watu wenye bunduki wakaling'oa, na mmoja wao nilimjua kwa jina na kwa mama yake, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza kitu. Hapa tulipewa nyumba ghorofani kule North York. Nikafanya kazi kiwandani, kufungasha kuku, mpaka vidole vikafa ganzi. Mama mmoja wa kanisani, aliyekuwa anafagia chuo kikuu, akaniambia kuna mahali wanatafuta mtu wa kuosha vyungu vya maua. Nikasema vyungu ninaviweza.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni mwa nyumba ya vioo na jasho likanitoka, ingawa nje kulikuwa na theluji. Kulikuwa na mama wa Kihindi, mfupi, ana koti jeupe na sweta juu yake, anazomea bomba la maji. Anazomea kwa Kiswahili.

"Pumbavu! Jana nimekufunga, leo unavuja tena?"

Nikasema, "Jambo, Mama."

Akageuka taratibu. "Jambo? Jambo ni ya watalii! Wewe mtalii?"

"Mimi Mkongo, Mama. Kwetu tunasema jambo."

"Kwetu Mwanza, mtoto asiyeniamkia shikamoo nilikuwa simpi pipi. Dukani kwa baba yangu. Haya, shikamoo iko wapi?"

Nikasema shikamoo, neno ambalo sikulizoea mdomoni. Akanipa pipi, kweli, ya mnanaa, kutoka mfuko wa koti. Huyo ndiye Mama Gulshan. Alikuwa fundi wa maabara na wa nyumba ya vioo, alikaa Unionville na familia yake, na kila kitu ninachokijua kuhusu ua na nyuki nilikijua kwake, isipokuwa vichache alivyonifundisha Profesa.

Profesa alikuwa mzee mrefu anayesahau chakula chake kwenye friji ya mbegu. Alitaka kujua jambo moja: mji unaufanya nini mmea? Mmea aliouchagua ni klova, ile ndogo ya majani matatu na ua jeupe la mviringo, ambayo watu wa hapa wanaikanyaga wakienda kwenye basi. Alisema klova ya katikati ya mji na klova ya mashambani zinafanana kwa sura, ila ndani si sawa. Za mashambani nyingi zina sumu kidogo kwenye jani, ya kumkatisha tamaa konokono na mdudu. Za mjini nyingi zimeiacha.

Mama Gulshan akanitafsiria, akaongeza, "Sumu yenyewe ni ile ya muhogo mchungu."

Sasa mtu wa kwetu ukimwambia muhogo mchungu, anafanya nini? Anaonja. Nilichuma jani nikalitia mdomoni kabla hajamaliza sentensi. Nilitafuna kwa meno ya mbele, kama mama alivyonifunza kuujua muhogo, ulimi unasubiri ule uchungu.

Mama Gulshan alipiga kelele wakaja watu wa chumba cha pili. "Tema! Tema wewe! Siku ya kwanza unataka kunifia hapa, nitamwambia nini Profesa?"

Nikatema. "Huu mtamu, Mama," nikasema. "Huu ni wa mjini."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha wakanionyesha njia yao ya kuonja: unaponda kipande cha jani kwenye kisahani chenye vishimo, unafunika na karatasi maalumu, unasubiri. Penye sumu karatasi inapata doa la buluu. Pasipo na sumu inabaki nyeupe. Ni njia salama, ingawa mimi bado naamini ulimi una haraka zaidi.

Niliwaeleza kwamba kwetu muhogo mchungu tunaupanda mbali, nguruwe wa porini wasiutake, na mtamu tunaupanda karibu na nyumba. Basi nikaona nimeshajibu swali lao: klova tamu iko karibu na nyumba, mjini. Profesa akatikisa kichwa kwa upole. Muhogo, akasema, kuna mama anayechagua kijiti cha kupanda. Klova hakuna mama. Inayoweza kuishi pale inazaa, isiyoweza haizai, na kizazi baada ya kizazi mji wenyewe ndio unaochagua. Unachagua kwa kutumia nini, walikuwa bado wanabishana: baridi, konokono wachache, chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, joto la lami. Nililala nikiwaza jambo hilo. Mji unaochagua, na hauna hata mikono.

Kazi yetu ilikuwa kwanza kuokota. Tulipanda basi kutoka katikati ya mji kuelekea kaskazini, tukishuka kila baada ya vituo kadhaa, mpaka Vaughan, na upande wa mashariki mpaka mashamba ya nyuma ya Unionville. Kila mahali tunapiga magoti, tunang'oa vijimea na mizizi yake, tunavitia kwenye mfuko wenye karatasi ya unyevu. Kando ya barabara ya Yonge mtu alisimama akaniuliza kama nimepoteza pete. Mwingine aliniwekea kikombe cha kahawa moto karibu na goti, akaenda zake bila neno. Mama Gulshan akasema, "Kunywa. Ukikataa utamharibia siku." Nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi, kama tunavyopenda.

Kisha kuna kuangalia. Unakaa kwenye kigoda mbele ya ua, mkononi una kibonyezo cha kuhesabia, na kila nyuki anayetua unabonyeza. Hapo ndipo nilipowapenda nyuki. Kuna wale wanene wenye manyoya, sisi tuliwaita mabonge, wanaotua kwenye ua mpaka ua linainama kama kitanda cha kambi. Mashambani mabonge walikuwa wengi na wa namna namna. Kadiri unavyoingia mjini wanapungua, wanabaki wale wasiochagua chakula, pamoja na nyuki wa asali wanaofugwa juu ya mapaa ya majengo marefu, na vijinyuki vidogo vinavyoishi kwenye nyufa. Profesa alinieleza kwamba hilo nalo linaligusa ua: mgeni akibadilika, mwenyeji naye anabadilika, na mwenyeji akibadilika, mgeni anayefuata anakuwa mwingine. Ua na nyuki wanachongana polepole, na mji umeingia katikati kama mama mkwe.

Tulining'iniza ukutani vipande vya mwanzi ili vijinyuki vitage humo. Kuna aina inayokata majani kwa mdomo, vipande vya duara, inajengea watoto wake vyumba. Siku moja tulipasua mwanzi mmoja tukakuta vyumba vya majani, majani, halafu kimoja cha plastiki. Mfuko wa dukani, umekatwa duara safi kama jani. Mama Gulshan alikigeuza kwa kibanio, akakitazama sana.

"Hata nyuki wa Toronto anaenda shopping," akasema.

Tukacheka, halafu hatukucheka. Profesa akapiga picha.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha, nanyi bado mnavyo, vitunzeni. Kumzuia nyuki asiingie kwenye ua, ua tunalivika kifuko. Vifuko vya chuo vilikuwa vikichanika, basi Mama Gulshan akawa analeta vile vya wavu laini wanavyogawia peremende kwenye harusi zao. Vingine vilikuwa na utepe wa fedha. Msimu mzima klova zetu zilisimama na vifuko vya harusi vinameta, wageni wanauliza ni sherehe gani. Na ukitaka wewe mwenyewe kupeleka poleni, ule unga wa ua, kutoka ua hili kwenda lile, unatumia kijiti cha meno chenye bonge aliyekufa amegundishwa nchani, maana manyoya yake yanashika poleni kuliko brashi yoyote. Mama Gulshan alimwita Marehemu. "Nipe Marehemu." "Marehemu yuko wapi?" Kuna siku alisahau kijiti hicho nyuma ya sikio akapanda nacho basi mpaka kwake.

Tulibishana sana. Majani ya muhogo yeye aliyaita kisamvu, mimi nasema sombe. Yeye anatia nazi, mimi natia mawese. Aliwahi kuniletea kisamvu chake kwenye kopo, nikakila chote, nikamwambia si kibaya kwa mtu wa dukani. Akaninyima pipi juma zima.

Wazo la kipande lilikuwa lake. Profesa alikuwa anakaribia kustaafu, na kila walichopima kilikuwa ni kulinganisha: za huku na za kule. Mama Gulshan akasema, "Lakini hatujawahi kuona ikitokea. Tuchukue wanakijiji, tuwalete mjini, tuwaache. Tuone wajukuu wao wanakuwa watu gani." Profesa akasema lifanyike. Tukachimba matuta mawili nyuma ya nyumba ya vioo. Moja la klova za mashambani, tukaliwekea vibendera vya chungwa. La pili la klova za mjini, vibendera vyeupe. Tukaliacha tuta la wanakijiji lipambane na barafu, chumvi, lami, konokono na nyuki wa mjini. Kama bonge angeleta poleni ya jirani kutoka nje ya uzio, na alete, huo ndio mji wenyewe. Nje ya matuta hatukugusa kitu. Tulikubaliana kwamba miaka ikishapita ya kutosha, tutavuna mbegu za matuta yote mawili kwa pamoja, tuzioteshe ndani, tuponde majani, tuone karatasi inasema nini.

Mmeelewa kwa nini tuliwaita wanakijiji. Sisi wenyewe tulikuwa tuta lile. Watoto wangu nilikuwa nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Wajukuu wa Mama Gulshan walijua Kiswahili cha kuitwa mezani tu. "Hawa wetu hawakungoja hata kizazi cha pili," alisema akiwa amechuchumaa anang'oa nyasi kwenye tuta. "Klova ina adabu. Inakwenda polepole."

Aliniwekea sheria moja juu ya yote. Ua la klova likishachavushwa linakunja vijiua vyake chini, kimoja kimoja, kinageuka kahawia na kukauka. Mtu asiyejua anaona ua limekufa. Kumbe ndipo lina mimba. "Kahawia usiguse," alisema. "Ukiona kibichi, cheza nacho. Ukiona kahawia, toa kofia." Kila mgeni aliyepita pale tulimwambia hivyo. Na Bwana Craig Dunmore, msimamizi wa viwanja vya chuo, tulimwambia. Mimi mwenyewe nilisimama naye mbele ya vibendera, Mama Gulshan akamweleza kwa Kiingereza chake kizuri, yeye akaitikia kwa kichwa. Akasema ni kipande kizuri.

Profesa alistaafu, akahamia kwa binti yake mbali na hapa. Miaka michache baadaye Mama Gulshan akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, ikabidi naye aache. Kitengo chetu cha chuo kilimpelekea shada kubwa la maua, na Daktari Lorna Whitcombe, naibu mkuu wa kitengo, akatoa hotuba. Mimi nikabaki na kipande. Kila Jumapili nikitoka kanisani nampigia simu Unionville, na kabla hata ya shikamoo ananiuliza, "Wanakijiji hawajambo?" Nampa habari: walivyotoka kwenye theluji, mabonge walivyorudi, wa kwanza kuchanua ni yupi. Majira ya joto ya mwisho yale nilimwambia zinageuka kahawia vizuri sana.

"Mama Bahati," akasema, "nataka niione ile karatasi. Ikitoka buluu sawa. Ikitoka nyeupe sawa. Ila niione kwa macho yangu, macho bado ninayo."

Nikamwambia ataiona. Nilipanga kwenda na kisahani mpaka kochini kwake.

Basi ndiyo asubuhi ile. Nikiwa bado magotini alikuja Desmond, dereva wa mashine ya kukata majani, Mjamaika, mtu tuliyekuwa tunasalimiana miaka yote. Alikuwa ameshika kofia.

"Mama, nilisimama nilipoviona vile vibendera," akasema. "Nikampigia Dunmore. Nikamwambia hapa pana alama. Akasema hiyo imeshakauka, imekufa, kata. Nikampigia tena. Akaniambia kama sitaki kukata yuko atakayetaka."

"Kwa nini leo?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye maegesho kulikuwa na trei za maua mapya, mekundu na ya zambarau, na kibao kimefunikwa karatasi. Wafadhili walikuwa wanakuja. Daktari Whitcombe aliahidi kuwaonyesha bustani ya kuwakaribisha nyuki mjini, na akataka mahali penye jua, karibu na magari, wageni wasitembee mbali. Alijua pale pana kazi ya watu. Alinipita pale kila siku akienda kwenye gari lake, na mara nyingine alinipungia mkono.

Niliyatazama maua yenyewe. Yalikuwa yale ya kisasa yenye petali juu ya petali, yamejazwa kama mto wa kulalia, mpaka hayana nafasi ya kitu kingine. Walipokuja wageni nilikaa kwenye kigoda changu pembeni na kibonyezo mkononi. Bonge mmoja alikuja, akazunguka ua jekundu, akatafuta mlango, akakosa. Akazunguka la pili. Akaenda zake. Wageni walipiga makofi kibao kilipofunuliwa. Kibonyezo changu sikukibonyeza hata mara moja.

Nilikwenda Unionville kwa basi, mikono mitupu. Mkwe wake akanifungulia. Mama Gulshan alikuwa kochini, blanketi magotini, amevaa miwani yake ya kazini. Alikuwa ameivaa kwa ajili ya karatasi. Nilimwambia. Hakulia, na mimi nikaona afadhali angelia.

"Nani?" akauliza.

Nikamtajia.

"Dunmore nilimwonyesha mimi mwenyewe," akasema. Kisha, "Kwa nini?"

Hilo halikuwa langu kujibu. Mbegu za mababu bado zipo kwenye friji, mnazo. Wajukuu hawapo. Anayetaka kujua tena mji unawafanya nini aanze upya na angoje miaka yote ile, na Mama Gulshan hana miaka hiyo. Kitengo kilimtumia shada lingine, na kikadi cha pole kwa usumbufu uliojitokeza. Uliojitokeza! Kama uyoga.

Mimi nimeacha kazi mwaka huu, mgongo umekataa kabla ya umri. Nyinyi wawili tunzeni vifuko vya harusi, na Marehemu mbadilisheni kila msimu maana anapukutika. Chimbeni matuta mapya. Yawekeeni uzio na kufuli, na vibendera ongezeni.

Lakini hili lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kitengo, na ninamtaka Furaha alitafsiri neno kwa neno, asilipunguze makali. Bwana Craig Dunmore, uliambiwa kahawia si kifo, ukaitikia, kisha ukaulizwa mara mbili na mtu mwenye macho kuliko wewe, ukasema kata. Daktari Lorna Whitcombe, ulipapita kila siku, ukapachagua kwa sababu pako karibu na magari. Kule nilikotoka walioning'olea shamba hakuna aliyewauliza, na mimi nilikimbia. Hapa sikimbii. Mama mmoja yuko kochini Unionville anangoja jibu la swali la neno moja. Nyumba mnaijua, ndiko mlikotuma mashada. Nendeni nyinyi wenyewe, mkae mbele yake, mmweleze kwa nini. Atawapa chai, ndivyo alivyo.

Maua msipeleke.